Kwa Nini Mchezaji Huchagua Klabu Hii na Kuiacha Ile



Leo twataka kuzungumza nanyi habari ya jambo ambalo vijana hulishindania sana barazani, na hata njiani watokapo uwanjani. Mchezaji fulani ameiacha timu yake akahamia timu nyingine. Mmoja husema, "Amefuata fedha." Wa pili hujibu, "Sivyo, hakupatana na wenzake." Wa tatu naye husema, "Ameona kwamba kule atapata nafasi ya kucheza." Sisi walimu huwasikiliza wanafunzi wetu wakibishana hivi, na mara nyingi twaona kwamba kila mmoja ana sehemu ya kweli, wala hakuna aliye nayo yote.

Basi tumeona vema kulichunguza jambo hili katika historia. Tumechagua nchi ya Uingereza, kwa sababu ndiko sheria za mchezo huu zilikoandikwa mwaka 1863, na habari za wachezaji wake zimehifadhiwa tangu zamani. Mabingwa wakubwa wenye kusifiwa kila mahali tutawaacha kando. Twataka habari za wachezaji wa klabu ndogo na wa madaraja ya chini, ambao ujira wao ni haba na majina yao husahauliwa upesi. Hao ndio wengi, na katika maisha yao sababu za kuchagua huonekana wazi zaidi.

Twende kwanza katika jimbo la Lancashire, kaskazini ya Uingereza, katika mji mdogo uitwao Darwen. Mji huu uliishi kwa viwanda vya pamba. Mwaka 1878 walifika huko wachezaji wawili kutoka Scotland, Fergus Suter na Jimmy Love. Suter alikuwa fundi wa kuchonga mawe. Siku zile mpira ulihesabiwa kuwa mchezo wa ridhaa tu, na mtu aliyeupenda alitazamiwa kula kwa jasho la kazi nyingine. Lakini haukupita muda mrefu Suter akaiacha kazi yake ya mawe, akatoa sababu kwamba mawe ya Lancashire ni magumu kuliko yale ya kwao. Watu walicheka, maana kila mtu alijiuliza: kama hachongi mawe, anakula nini?

Mwaka 1879 wafanyakazi wa Darwen walisafiri mpaka London kushindana na mabwana wa Old Etonians katika Kombe la Chama cha Mpira. Walitoka sare mara mbili, wakashindwa mara ya tatu. Mji mzima uliona fahari. Lakini mwaka 1880 Suter akahamia Blackburn Rovers, klabu ya mji jirani, maili chache tu kutoka Darwen. Watu wa Darwen walikasirika sana, wakasema kwamba amenunuliwa. Huko Blackburn, Suter alitwaa Kombe mara tatu mfululizo, mwaka 1884, 1885 na 1886. Kwa hiyo ugomvi tunaousikia leo juu ya mchezaji aliyehama si mpya hata kidogo.

Mwaka 1884 bwana William Sudell, msimamizi wa kiwanda cha pamba na kiongozi wa klabu ya Preston North End, alishitakiwa kwamba analipa wachezaji. Hakukana. Alikiri wazi kwamba huleta wachezaji kutoka mbali na kuwatafutia kazi mjini. Preston wakatolewa katika mashindano ya Kombe. Lakini neno lilikuwa limekwisha semwa hadharani, na tarehe 20 Julai 1885 Chama cha Mpira kikaruhusu mchezaji kulipwa. Hata hivyo wazee wa mchezo walitia sharti: mchezaji wa kulipwa asicheze katika Kombe ila awe amezaliwa, au amekaa miaka miwili, katika maili 6 za klabu yake. Walitaka mchezaji awe mtoto wa mji, si mpita njia. Sharti hilo halikudumu; liliondolewa mwaka 1889.

Hapa, wasikilizaji wetu, twawaomba mtege masikio, maana sasa twafika katika kiini cha habari yetu.

Mwaka 1888 klabu 12 ziliungana zikaanzisha Ligi. Upesi zikaona hatari. Kama kila mchezaji anaweza kuondoka mwaka uishapo, klabu tajiri zitachukua wachezaji wote wazuri, na klabu maskini zitakufa. Hofu hiyo ilikuwa na sababu. Lakini dawa waliyoitengeneza ilikuwa kali. Kwa kanuni iliyowekwa mwaka 1893, mchezaji akiisha kuandikwa na klabu ya Ligi, jina lake lilibaki mali ya klabu hiyo mpaka klabu yenyewe ikubali kumwachilia au kumwuza. Mapatano ya mshahara yalikuwa ya mwaka mmoja. Mwaka ukiisha, klabu iliweza kumwacha bila mshahara na huku ikilishika jina lake, asiweze kuchezea klabu nyingine yo yote ya Ligi. Mkataba ulikuwa na mwisho kwa upande wa klabu, lakini kwa upande wa mchezaji haukuwa na mwisho.

Kisha mwaka 1901 ikaja kanuni ya pili. Mchezaji ye yote asilipwe zaidi ya pauni 4 kwa juma, yaani shilingi 80. Fedha hiyo ilikuwa karibu mara mbili ya ujira wa fundi stadi wa siku zile, lakini wachezaji wengi wa klabu ndogo hawakuifikia. Na kwa kuwa kilele kilikuwa kimoja kwa wote, mchezaji hakuweza kusema, "Nakwenda klabu fulani kwa sababu italipa pauni 10."

Basi, kama fedha ilikuwa imefungwa hivyo, mchezaji mdogo alichagua kwa kitu gani? Tutazame maisha ya mtu mmoja, Herbert Chapman.

Chapman alizaliwa mwaka 1878 huko Kiveton Park, karibu na Sheffield, mwana wa mchimba makaa. Alisoma uhandisi wa migodi. Baadaye alikuja kuwa meneja mashuhuri kabisa, lakini alipokuwa mchezaji alikuwa mtu wa kawaida, akihama huku na huku: Stalybridge, Rochdale, Grimsby, Swindon, Sheppey, Worksop, Northampton, Sheffield United, Notts County na Tottenham. Mtu akiisoma orodha hiyo bila kufikiri, atasema kwamba Chapman alikuwa kigeugeu. Lakini miaka yake ya kwanza alicheza kwa ridhaa, bila mshahara wa mpira. Kila alipohamia mji mpya alihitaji kupata kazi karibu na uwanja, na pasipokuwa na kazi hakuweza kukaa. Alipochezea Worksop alikuwa karibu na kwao na karibu na masomo yake. Mwaka 1901 ndipo alipokubali kulipwa, katika klabu ya Northampton iliyokuwa imeingia Ligi ya Kusini mwaka huo huo.

Hapo twapata sababu ya kwanza, nayo ni kazi. Mchezaji wa daraja la chini hajui atacheza miaka mingapi. Mguu ukivunjika leo, kesho hana chakula. Kwa hiyo huuliza: je, mji huo una kazi ya mikono yangu? Je, mwajiri ataniruhusu kuondoka mapema siku ya mchezo? Mkono mtupu haulambwi, na makofi ya watazamaji hayalipi kodi ya nyumba.

Sababu ya pili ni nyumba na jamaa. Mchezaji mwenye mke na watoto hahami peke yake. Klabu nyingi za Uingereza zilifahamu jambo hili, zikanunua nyumba na kuwapangisha wachezaji wao kwa kodi nafuu. Nyumba ile iliweza kumvuta mchezaji kuliko shilingi chache za ziada. Lakini pia ilikuwa kamba, maana klabu ikimwacha, familia nayo ilitakiwa kutoka. Ndiyo maana wengine walipenda kubaki katika klabu ndogo ya nyumbani. Wahenga walisema, mwenda kwao si mtumwa.

Sababu ya tatu ni nafasi ya kucheza. Mchezaji anayekaa katika timu ya pili ya klabu kubwa hupata sifa ya jina la klabu, lakini mchezo wake huoza kama jembe lililowekwa kiguu cha ukuta. Katika klabu ndogo atacheza kila Jumamosi, ataonekana, ataimarika. Chapman mwenyewe hakung'aa sana katika klabu kubwa. Alirudi Northampton mwaka 1907 awe mchezaji na meneja pamoja, na mwaka 1909 Northampton wakatwaa ubingwa wa Ligi ya Kusini. Kama asingalirudi katika klabu hiyo ndogo, huenda asingalijulikana kabisa.

Lakini iko sababu ya nne, na hiyo ndiyo iliyotufanya tuchague habari hii. Sababu hiyo ni mlango. Mchezaji huuliza: nikiingia humu, je, nitaweza kutoka?

Ligi ya Kusini ilianza mwaka 1894. Nayo ilikuwa na jambo moja la ajabu: haikufungwa na kanuni ya Ligi juu ya majina ya wachezaji. Mchezaji aliyeshikwa na klabu ya Ligi aliweza kwenda Kusini bila ruhusa na bila kununuliwa. Hivyo wengi walikwenda huko. Msidhani kwamba ilikuwa ligi ya wanyonge tu. Mwaka 1901 Tottenham Hotspur, klabu ya Ligi ya Kusini, ilitwaa Kombe la Chama cha Mpira. Mchezo wa kwanza na Sheffield United, uliotazamwa na watu zaidi ya 100,000 huko London, ulikuwa sare ya mabao 2 kwa 2. Wa marudio Tottenham wakashinda 3 kwa 1. Meneja wao, John Cameron, ambaye pia alikuwa mchezaji, alikuwa mtu wa Scotland aliyewahi kuchezea Everton. Yeye ndiye aliyekuwa katibu wa umoja wa kwanza wa wachezaji ulioanzishwa mwaka 1898. Haishangazi kwamba mtu wa namna hiyo alijenga timu yake mahali penye mlango wazi.

Sasa twawasimulieni habari ya mchezaji Kingaby.

Kingaby alikuwa mchezaji wa pembeni katika Clapton Orient, klabu ya London iliyokuwa daraja la pili. Mwaka 1906 Aston Villa ya Birmingham ikamnunua kwa pauni 300. Villa ilikuwa miongoni mwa klabu kubwa kabisa. Ilikuwa imetwaa ubingwa wa Ligi mara tano, na mwaka 1905 ilikuwa imetwaa Kombe. Kijana gani wa daraja la pili angalikataa? Lakini alicheza michezo michache tu, Villa wakaona hawamhitaji. Mapatano ya kumrudisha Orient hayakufanikiwa. Basi Kingaby akatoka kwa mlango ule tuliousema, akaenda Fulham, iliyokuwa katika Ligi ya Kusini. Mwaka 1907 Fulham ikaingia Ligi, naye akawa hana ruhusa ya kuichezea tena, kwa kuwa jina lake lilikuwa bado la Villa. Akahamia Leyton, klabu nyingine ya Ligi ya Kusini.

Tazameni jinsi mtu huyu alivyokuwa akichagua. Hakuitazama klabu yenye sifa, wala yenye watazamaji wengi. Aliitazama klabu ambayo kanuni haikuifikia, kama mtu atembeaye juani akitafuta kivuli kutoka mti hata mti.

Mwaka 1910 vivuli vikaisha. Ligi na Ligi ya Kusini zikapatana kuheshimiana katika majina ya wachezaji. Siku hiyo Kingaby akawa tena chini ya Villa, klabu ambayo hakuwa ameichezea kwa miaka minne. Na Villa wakatamka bei yake: pauni 350. Walimnunua kwa 300, wakaona hawamtaki, na sasa alipokuwa amezeeka miaka minne wakataka pauni 50 zaidi. Hakuna klabu ndogo iliyoweza kutoa fedha hiyo.

Umoja wa pili wa wachezaji, ulioanzishwa Manchester mwaka 1907, ukamsaidia kwenda mahakamani. Kesi ilisikizwa London mwaka 1912. Mawakili wake walishika hoja kwamba Villa wameweka bei kubwa kwa nia mbaya, ili wamdhuru. Jaji akauliza: nia hiyo mbaya imethibitishwa wapi? Villa wametumia kanuni iliyoandikwa, na Kingaby mwenyewe alitia sahihi kuikubali. Kesi ikaanguka. Gharama zake nusura ziufilisi umoja wa wachezaji. Wengi waliochunguza kesi hii baadaye walisema kwamba mawakili walipiga mshale mahali pasipo moyo. Ingalifaa waishitaki kanuni yenyewe, badala ya moyo wa klabu moja.

Kwa miaka 50 baada ya hapo mambo yaliendelea hivyo. Klabu nyingi za Ligi ya Kusini ziliingizwa katika daraja la tatu mwaka 1920, na mwaka 1921 likaongezwa la kaskazini, na wachezaji wao wote wakawa ndani ya uzio ule ule. Kila mwaka msimu ulipokwisha, mchezaji mdogo alingoja kusikia kama ameshikwa au ameachwa. Wengine walipenda kukaa nje ya Ligi kabisa, wafanye kazi siku za juma na kucheza Jumamosi. Hao nao msiwadharau. Tarehe 29 Januari 1949, Yeovil Town, klabu ya nje ya Ligi ambayo wachezaji wake wengi walikuwa na kazi nyingine, iliwafunga Sunderland wa daraja la kwanza mabao 2 kwa 1 katika Kombe.

Mwisho wa uzio ulikuja polepole. Mwezi wa Januari 1961 kilele cha mshahara, ambacho wakati huo kilikuwa pauni 20, kiliondolewa, baada ya wachezaji kuazimia kugoma. Mwaka 1963 George Eastham, aliyezuiwa na Newcastle United alipotaka kuondoka, alipata hukumu ya Jaji Wilberforce kwamba kanuni ile ya kumshika mchezaji baada ya mkataba wake kwisha inazuia kazi ya mtu kupita haki. Kingaby aliposhindwa alikuwa ameishitaki nia; Eastham aliishitaki kanuni, naye akashinda.

Hata hivyo, katika nchi za Ulaya bado klabu ziliweza kudai malipo kwa mchezaji aliyemaliza mkataba. Jambo hili nalo lilivunjwa na mchezaji asiye mashuhuri. Mwaka 1990 Jean-Marc Bosman wa Ubelgiji alimaliza mkataba wake na RFC Liège. Klabu ikampa mkataba mpya wa faranga 30,000 kwa mwezi, ilhali zamani alipata 120,000. Akapata nafasi Dunkerque, klabu ya daraja la pili ya Ufaransa. Liège wakatia shaka kama Dunkerque wataweza kulipa, wakazuia hati ya kuhama. Bosman akaenda mahakamani, na tarehe 15 Desemba 1995 mahakama kuu ya Umoja wa Ulaya ikaamua kwamba mchezaji raia wa nchi za Umoja huo aliyemaliza mkataba anaweza kwenda klabu ya nchi nyingine ya Umoja bila malipo. Matajiri wengi wa mpira walineemeka kwa hukumu hiyo. Bosman mwenyewe miaka yake ya kucheza ilikuwa imekwisha potea katika kesi. Yeye hakutaka makubwa. Alitaka kwenda Dunkerque tu.

Wasikilizaji wetu, tumefika mwisho wa safari. Tumeona kwamba mchezaji wa klabu ndogo huchagua kwa sababu ya kazi, kwa sababu ya nyumba na jamaa, na kwa sababu ya nafasi ya kucheza. Fedha imo ndani ya hizo zote, lakini mara chache husimama peke yake. Na juu ya hizo zote iko ile ya mlango. Kingaby aliingia klabu kubwa kwa siku chache tu, akatumia miaka mingi kutafuta njia ya kutoka.

Kwa hiyo, siku mtakaposikia kwamba kijana wa timu yenu amehama, msikimbilie kumwita msaliti. Ulizeni kwanza anakula wapi, nani anamngojea nyumbani, na kama kweli alikuwa na hiari.

Nanyi wanafunzi, tuna neno moja kwenu. Twawafundisha kusoma ili mpate kujua habari za dunia, lakini pia ili mtu akiwawekea karatasi mezani na kuwapa kalamu, msome mstari wa mwisho kabla ya kutia sahihi. Kingaby alijua kusoma, na kanuni ile ilikuwa imeandikwa wazi. Siku ile ya mwaka 1906 jina la Aston Villa liling'aa mno, na alipoulizwa habari ya sahihi yake mbele ya jaji, ilikuwa imepita miaka sita.

Kwaherini, mpaka tutakapozungumza tena.